Juzuu ya Kabibi

Kabibi anafundisha darasa la kwanza hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi, na mi namjua kwa ubishi kuliko kwa kitu kingine chochote. Kambi ikiwa bado mpya kwetu, sisi walimu tulianza kufundishana Kiarabu, watoto wakishatoka. Ustadhi hatukuwa naye. Aliyeshika herufi leo alimfundisha mwenzake kesho, basi. Hata Vénérande, Mrundi wa kanisani kila Jumapili, alikaa nasi, akasema afadhali kusoma kuliko kukaa nyumbani kuwaza. Sheria ilikuwa moja: ukikwama, husaidiwi mpaka unyooshe mkono kama wanafunzi wako.

Kabibi alikuwa na lake. Mama yake alifia kwao Kindu, Kongo, na yeye hakumzika. Alitaka kumsomea khitma, Kurani ya kumwombea marehemu, kwa mdomo wake mwenyewe, si kukaa akisikiliza wengine.

Mwaka huu tukaazima juzuu thelathini za Kurani msikitini Lilongwe, karibu na soko la Tsoka, tukazileta kambini tugawane kuzisoma. Nilimtengea ile ya mwisho, yenye sura fupi tulizokaririshwa utotoni. Akanirudishia.

"Hiyo iko kwa kichwa, Zaituni. Mi nataka kusoma."

Akachukua ya katikati. Haya. Wote tukamaliza, yeye bado. Pilau ilinukia nje, ambako Vénérande alilinda sufuria, na mi njaa inaniuma. Nilikasirika, kwa nini nifiche? Moustapha, mwalimu mkuu wetu, akataka kumpunguzia kurasa zilizobaki, kama tunavyosaidiana siku zote. Kabibi akaivuta juzuu kifuani.

"Mwalimu, uniache tu. Huyu ni mama yangu."

Ukurasa wa mwisho akakwama. Jasho lilimtoka puani, na mkono wake ukaanza kupanda taratibu. Mi neno lilikuwa tayari mdomoni. Hasira yangu ilikuwa imekwisha. Nilimwombea Mungu tu.

Mkono ukashuka.

"Ngoja. Nimeliona," akasema, akasoma mpaka mwisho.

Moustapha akainua mikono kuomba dua, akauliza jina la marehemu.

"Mwavita binti Djafari," Kabibi akajibu. "Amesomewa na mtoto wake."

Akalia, nasi tukalia naye, hata Vénérande mlangoni, mwiko mkononi. Ndiyo maana pilau iliungua. Nilikula ukoko bila kulalamika, na wanaonijua walinitazama mara mbili.