Mwalimu Omosa na Pikseli Zake

Mwalimu Abner Omosa alifundisha fizikia miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu, alirudi kwake Ekerenyo na darubini moja, pamoja na imani kwamba hajawahi kukosea. Darubini ilikuwa nzuri.

Nyuma yake alifunga kamera kuukuu ya CCD. Rafiki yake Odero, fundi wa redio mjini Nyamira, mtu wa upande wa ziwa, alimshauri mara nyingi aunganishe pikseli, vile vijumba vidogo vinavyokusanya mwanga, ili nne zisomwe kama moja. Omosa hakutaka kusikia.

"Nimenunua pikseli zote," alisema. "Kwa nini nibaki na robo?"

Jumamosi moja ya Februari, Sabato ilipokwisha, waumini wenzake, na Odero pamoja nao, walifika uani kutazama wingu la gesi lililo katika nyota za Orioni. Alikuwa amewatangazia wiki tatu mfululizo. Giza lilipoingia akapiga picha, wakaiinamia kompyuta. Vitone vya kijivu vilijaa kioo kizima.

"Unaona nini, Mama Kwamboka?" akamuuliza mkewe, Gesare.

"Uji wa wimbi," Gesare akajibu kwa upole.

Mzee wa kanisa akageuka kando asicheke. Upande wa Manga mawingu ya mvua yalikuwa yanapanda, kwa hiyo hapakuwa na muda wa kuiacha kamera ikusanye mwanga zaidi. Omosa akaanza kujitetea: mwanga ni hafifu, na kamera kila inaposoma pikseli huongeza kosa lake dogo.

Gesare, aliyechuma chai tangu usichana wake, akamkatiza. "Kwa hivyo kila pikseli inapimwa peke yake, na kila kupima kuna kosa?"

"Ndiyo."

"Kule kwenye kituo cha kupimia chai, mizani ikiwa mbovu, tunamwaga vikapu vinne kwa gunia moja, ikosee mara moja. Wewe unaipa nafasi ya kukosea mara nne."

Odero akatazama viatu vyake. Omosa akabonyeza: pikseli mbili kwa mbili.

Picha ya pili ilikuwa ndogo, lakini wingu lilikuwemo, limetandaza mbawa zake. Bibi Nyabuto, jirani yao, akaomba asogezwe karibu, akaligusa kwa kidole. Omosa akafuta macho, akasema ni moshi wa jikoni. Mvua ikawakimbiza wote ndani.

Wiki iliyofuata aliazima kamera mpya ya Odero, ya aina ya CMOS, akaunganisha pikseli akingojea maajabu yale yale. Nafuu ilikuwa kidogo tu.

"Ile yako hujumlisha kabla ya kusoma; hii husoma kila pikseli kwanza, halafu ndiyo inajumlisha, Mwalimu," Odero akamweleza. "Makosa yote manne yameshaingia."

"Nilijua," Omosa akasema. Hakujua.

Siku hizi shule za Sironga humwalika kuzungumza na wanafunzi. Huwafundisha kuunganisha pikseli kwa bidii kubwa, kwa chaki ya rangi tatu, na mfano wake ni wa vikapu vya chai. Mwanafunzi mmoja alipomuuliza aliupata wapi, alijibu kwamba ni matokeo ya utafiti wa muda mrefu. Gesare alipohadithiwa hayo, alisema ni kweli. Wameoana miaka thelathini na minne.