Mahali Alipopajua Mudhi

Mudhi binti Sattam hakuwahi kumwambia mtu anakochimba uyoga, na katika mji wa Arar hilo halimshangazi yeyote. Huko mtu atakuazima gari lake, atakulisha mwezi mzima, hata binti yake atakuoza, lakini ukimwuliza uyoga wake kaupata wapi atakujibu, "Huko jangwani," kisha atakumiminia kahawa. Na jangwa limeuzunguka mji pande zote nne.

Uyoga wenyewe hukua chini ya ardhi, mkubwa kama kiazi, miaka ile ambayo mvua za kwanza za kipupwe zimeteremka na radi. Hauonekani. Kinachoonekana ni ufa mwembamba kwenye udongo ulioinuka kidogo, kama mkate ulioumuka, karibu na kijimea fulani kifupi. Ufa huo Mudhi aliweza kuuona akiwa juu ya ngamia wa baba yake, kabla hajajua kuhesabu. Alizaliwa hemani, akaolewa hemani, akahamia mjini mumewe Dughaim alipopata kazi ya kuendesha lori la maji. Mji ukampa bomba, kuta na kisukari. Hakulalamika. Ila kila kipupwe, watu walipofunga mahema juu ya magari na kumiminika nyikani kwa mapumziko yao ya Ijumaa, Mudhi hakwenda kupumzika. Alikwenda kazini, na kazi hiyo aliipenda kuliko kitu chochote baada ya mwanawe.

Mahali pake walipagundua yeye na Dughaim mwaka aliokuwa na mimba ya Farhan, mtoto wao wa pekee. Majirani walijaribu kuwafuata. Dughaim, Mungu amrehemu, alikuwa akiwazungusha na lori asubuhi nzima, kisha anasimama popote, anatandika mkeka na kulala usingizi wa kweli, anakoroma, mpaka wale wa nyuma wachoke warudi kwao. Mudhi alikuwa akicheka hadi mbavu zinamuuma.

Dughaim alipofariki, mahali pakabaki kichwani mwa mtu mmoja. Farhan aliomba aonyeshwe, tena si mara moja. Mama yake alisita, na alikuwa na sababu. Kuna mwaka alimwonyesha bonde dogo lenye majani mazuri, la kupumzikia tu, na Farhan akawatumia rafiki zake ramani kwa simu. Ijumaa iliyofuata palikuwa na magari arobaini na muziki. Farhan si mtu mbaya. Ni mtu anayetaka kila mmoja afurahi, na afurahi sasa hivi, na watu wa namna hiyo wana hasara yake.

Kisha ukaja ukame wa miaka mitatu, na katika miaka hiyo macho ya Mudhi yakaanza kuzimika. Kisukari kilianza na la kushoto, kikahamia la kulia. Daktari hakumficha: kipupwe kijacho huenda asione hata mkono wake. Mwaka huu mvua ziliponyesha, zikanyesha sawasawa, na radi, Mudhi alikaa mlangoni akilia kimyakimya. Alihesabu kwa vidole siku sabini za uyoga kukomaa, kisha akamwita Farhan.

"Ijumaa utanipeleka ninakokwenda mimi," alimwambia. "Wewe na mkeo tu. Simu zenu mziache nyumbani."

"Umeamua, mama?"

"Nimeamua. Nikichelewa nitakuonyesha nini, giza?"

Farhan alimbusu paji la uso. Lakini siku zilivyosogea akaanza kufikiri. Njia ni ya mashimo, mama hana nguvu. Na akifika huko, asipoona kitu? Atapiga magoti mbele ya mahali alipopapenda maisha yake yote, apapase mchanga kama ombaomba? Moyo wake haukustahimili picha hiyo. Basi Alhamisi akaenda sokoni.

Ijumaa walisafiri chini ya saa moja, gari likasimama.

"Mbona mapema?" Mudhi aliuliza.

"Tunywe kahawa kwanza, mama. Halafu watu wanasema hapa napo pametoa uyoga mwaka huu. Ujaribujaribu, tutaendelea baadaye."

Mudhi alishuka, akajifunga joho lake la manyoya. Wadha, mke wa Farhan, alikuwa akiwasha moto. "Polepole, mama," alisema, "usije ukatuaibisha sisi wenye magoti mapya."

"Magoti mapya na hujui hata kuchutama," Mudhi alimjibu, na wote wawili wakacheka.

Farhan alimshika mkono, akampeleka hatua chache. "Hebu tazama karibu na hapa."

Mudhi aliinama. Kwa jicho lililobaki aliona ukungu wa rangi ya udongo, basi akaacha kutazama, akatumia vidole. Udongo ulikuwa laini. Lakini haukuwa umeinuka. Ulikuwa umekandamizwa kwa kiganja. Akachimbua kwa kijiti chake. Uyoga ulikuwepo, mnono, mweupe, na ulikuwa kichwa chini. Kitako chake kilichochongoka, ambacho hushika ardhi, kilikuwa kimetazama mbinguni. Akaunusa. Haukunukia mvua. Ulinukia gunia la sokoni, na vumbi lililogandamana nao lilikuwa laini kama poda, la nchi nyingine kabisa.

Akaelewa yote kwa mara moja, na ilimchoma. Si kwa sababu ya uyoga. Miaka sitini alikuwa mtu wa kuulizwa, na leo alikuwa mtu wa kubembelezwa. Mwanawe alikuwa amesimama nyuma yake, akipumua kwa mdomo kama alivyofanya utotoni akingoja kuona kama zawadi yake itapendwa.

"Mashallah," alisema Mudhi. "Mweupe huo."

"Sikukuambia? Tafuta na kule."

Akatafuta na kule. Akachimbua nyoga tano, zote zimekaa ovyo, akizisifu moja moja. Wadha aliinamia birika na hakuinua uso. Akampa mkwewe kikombe. "Mama," alianza, na Farhan akamkata: "Ongeza iliki kidogo."

Walikula uyoga uliookwa majivuni kwa samli na chumvi. Mudhi alikula wa kwake wote. Jua lilikuwa bado juu.

"Mama," Farhan alisema akifuta mikono, "umeshachoka leo, nakuona. Tusijitese na safari. Nielekeze tu kwa maneno mahali pako ni wapi, nitapashika. Naapa sitamwambia mtu."

Mudhi alimgeuzia uso. Alijua kwamba akisema, angalau mahali pangebaki. Alijua pia kwamba hiyo ndiyo siku, hakuna nyingine. Alichotaka ni kitu kimoja, na hakikuwa kikubwa: mwanawe amwambie ukweli, kama mtu anavyomwambia mtu mwenye akili zake. Mwanawe angesema, papo hapo Mudhi angepanda gari na kumwongoza mpaka kwenye jiwe linaloonyesha mahali pake.

"Ni hapa," alisema.

"Hapa wapi?"

"Hapahapa tulipo. Umepapata mwenyewe bila kuonyeshwa. Damu ya baba yako hiyo."

Wadha alimtazama mumewe kwa macho ya kumsihi. Moto ulikuwa umebaki majivu. Kisha Farhan akasema, "Sawa, mama," akaanza kukunja mkeka.

Walipofika kwenye barabara kuu, Mudhi alilitambua tuta kwa mtikisiko wake: kushoto ni mjini, kulia ni mahali pake. Farhan akapunguza mwendo mpaka gari likakaribia kusimama.

"Mama, una neno unalotaka kuniambia?"

"Wewe je?"

Farhan alishika usukani kwa mikono miwili. Lori moja likapita, kisha jingine.

"Hapana," alisema.

"Basi endesha, mwanangu."

Akakata kushoto.