Mama Rhoda na Safari Yangu ya Lucerne

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu nikianza sipendi kukatizwa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, ndani ya nyumba yangu, hapa Grand Prairie, kando ya Dallas, Texas. Sikuwa nimelewa wala sikuwa na homa. Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku. Nimewafumba macho marehemu wengi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunifuata nyumbani. Huyu aliyenifuata sikuwahi hata kumsalimia kwa mkono.

Wacha nianze na safari yenyewe. Miaka kumi na miwili niliyokaa Marekani, kila ndege niliyopanda ilikuwa ya kwenda Kenya, kwa harusi, kwa matanga au kwa mgonjwa. Na Mkenya wa huku akisikia unaenda nyumbani, simu yako haitulii tena. Huyu ana viatu vya mjomba, yule ana dawa za presha za mama yake. Mtu atatoka Houston, aendeshe gari saa nne nzima, akuletee kilo mbili za vitamini na kukuambia ni kamzigo kadogo tu. Unafika Nairobi na masanduku mawili ya kilo ishirini na tatu kila moja, na vya kwako humo ndani ni chupi na mswaki.

Mwaka huu nikasema hapana. Nilikuwa nimeona picha kwenye kalenda kwa daktari wa meno: ziwa la bluu, daraja la mbao lenye paa na maua, na nyuma milima yenye theluji. Chini wameandika Lucerne, Uswisi. Nikajiambia, mwanamke, utaenda huko siku tatu, peke yako, na begi moja la mkononi, na hutabeba hata sindano ya mtu. Sikumwambia yeyote. Unashangaa? Wewe huwajui Wakenya wa Dallas. Hata ukiwaambia unaenda Uswisi watakuuliza, kwani hiyo ndege haipiti karibu karibu na Nairobi?

Nikachukua karatasi nikapanga. Jumamosi, kufika kwa treni kutoka Zurich, kulala kidogo, kutembea darajani. Jumapili, meli asubuhi, halafu kupanda mlima kwa kile kibanda kinachoning'inia kwenye waya. Jumatatu, kununua chokoleti na kurudi. Karatasi nikaiacha juu ya meza ya jikoni, nikaenda kulala.

Ilikuwa Jumanne, saa nane mchana. Najua ungependa niseme saa nane za usiku, lakini usiku mimi niko kazini. Usiku wangu ni mchana, na mapazia meusi. Huyo mgeni alijua ratiba yangu kuliko msimamizi wetu wa zamu.

Niliamka kunywa maji nikamkuta mama mzee ameketi mezani, kitambaa kichwani, leso kiunoni, amejikumbatia mabega, anaisoma karatasi yangu kwa kidole. Niamini, sikuogopa. Nyumba zetu hizi za kupanga milango yote inafanana, na kina mama wanaletwa kutoka nyumbani miezi sita kulea wajukuu. Wakitoka kunyoosha miguu wanapotea. Mimi mwenyewe nimeshawahi kurudisha wawili kwao. Nikadhani nimesahau kufunga mlango.

"Habari ya mchana, mama," nikasema.

"Mzuri, mwanangu. Ni baridi tu."

Baridi! Julai, Texas, joto la kukaanga yai juu ya boneti. Lakini nimelelewa vizuri. Nikazima kiyoyozi, nikapika chai ya maziwa, nikamwekea kikombe mbele yake. Akakishika kwa mikono miwili, na macho hayakutoka kwenye karatasi.

"Jumapili umeandika meli," akasema. "Kanisa je?"

Nikamwambia ni matembezi tu.

"Na huu mlima wa kulipia ni wa nini? Milima ya kwetu ilikuisha?" Kidole kikashuka. "Chumba kina vitanda vingapi?"

"Kimoja, mama."

"Basi tutalala mzungu wa nne, kichwa changu miguuni pako."

Nilicheka sana. Nikageuka kuchukua sukari. Nilipomrudia, kiti kilikuwa kitupu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, na mnyororo wake umewekwa. Kwenye kikombe, chai ile niliyoiepua ikichemka ilikuwa imeganda barafu juu.

Nikajiambia ni uchovu wa zamu. Sisi wauguzi tunajua sana kujitibu kwa maneno.

Jumatano nikafunga begi. Nina ile mizani ndogo ya ndoano, ya kuning'inizia mzigo; ni nani kati yetu anayesafiri bila hiyo? Mizani ikasema kilo kumi na tatu. Nikatoa kila kitu, nikapima kimoja kimoja mpaka soksi, nikajumlisha na begi lenyewe, nikapata saba. Nikarudisha vyote. Kumi na tatu! Nikaondoa viatu. Kumi na nne. Lile begi nililitukana matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa.

Jioni ikaja barua pepe kutoka hoteli ya Lucerne. Wanatusubiri kwa furaha sisi wageni wawili, na yale mablanketi ya ziada aliyoomba mama yameshawekwa chumbani. Mama gani? Nikapiga simu. Binti wa mapokezi akaniambia kwa upole kwamba mama alipiga mwenyewe. Kiingereza chake kilikuwa kidogo lakini adabu nyingi, na alisema anasikia baridi.

Alhamisi nilipoamka sikwenda jikoni kwa kiu. Nilienda kwa sababu nilijua yupo.

"Mama," nikasema, "samahani, wewe ni mama wa nani?"

"Mama Rhoda. Wa Kinangop."

Nikakaa chini sakafuni. Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo aibu yangu ilipo.

Rhoda ni rafiki yangu tangu tulipoingia nchi hii. Tulikuwa tukilala chumba kimoja. Sasa anaishi Mesquite, upande wa pili wa Dallas, anafanya kazi kwenye ghala. Miaka minne iliyopita nilikuwa naenda harusi nyumbani, akanipa sweta nimpelekee mama yake. Sweta ya rangi ya damu ya mzee, aliyoifuma mwenyewe wakati wa mapumziko ya kazi, msimu mzima. Kinangop ni baridi ya kukata mifupa. Siku ya kuondoka sanduku likazidi uzito. Ilibidi kitu kimoja kitoke, ama sweta ama viatu vyangu vya harusi. Nikatoa sweta. Nilikusudia kurudi nimwambie. Lakini Rhoda alinipigia nikiwa bado Kenya, akauliza kama mama ameipenda. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema ameipenda sana, ameivaa papo hapo, na amekuombea. Kinangop kwenyewe sikuwa nimekanyaga.

Julai iliyofuata, mwezi wa baridi kule, mama akafariki. Rhoda hakuwa na karatasi za kumruhusu aende na kurudi. Mazishi tuliyatazama kwenye simu, sebuleni kwake. Akawaambia watu wote waliokuja kuomboleza, huku akinitazama mimi, kwamba angalau mama yake aliondoka akiwa na sweta yake. Mimi nikaitikia amina.

Kwa hiyo unaelewa kwa nini nilikuwa chini sakafuni.

"Mbona hukuja miaka yote hii?" nikamuuliza.

"Ulikuwa kwenye joto. Niliposikia unaenda kwenye theluji, nikajua sasa utafungua kabati la sweta."

Nikakimbia chumbani. Sweta ilikuwa chini ya boksi la mti wa Krismasi, ndani ya mfuko wake, imezungushiwa selotepu, na kwa mwandiko wa Rhoda imeandikwa MAMA. Nikamletea kwa mikono miwili, nimepiga magoti. Akarudisha mikono nyuma.

"Wewe ulishasema umenipa," akasema. "Mwenye mzigo ndiye anipe."

Nikamwambia haiwezekani. Nikimwambia Rhoda nitamnyang'anya faraja yake, na mimi nitapoteza dada. Heri nisisafiri kabisa! Nikashika simu nifute tiketi. Mama Rhoda akafungua leso yake, akaitandaza kwenye kochi langu, akajinyoosha.

"Tusiposafiri nitakaa hapa," akasema. "Nyumba si mbaya."

Ijumaa asubuhi nikatoka kazini, nikapitia nyumbani, nikapakia begi na ule mfuko, nikaondoka kuelekea Mesquite. Ndege ilikuwa ya jioni. Sijafika barabara kuu, gari likaanza kulia ile kengele ya mkanda. Wangu nilikuwa nimefunga. Kwenye kiti cha pembeni hakuna mtu wala mkoba. Likalia kuvuka Dallas nzima, katika foleni, mpaka meno yakaniuma. Mwishowe nikanyoosha mkono nikafunga mkanda wa kile kiti kitupu. Kengele ikanyamaza. Mkanda ukavutika kidogo, kama mtu anayejiweka sawa.

Rhoda alifungua mlango akiwa na kandambili, hajachana nywele. Sikungoja kukaribishwa. Nilimwambia yote pale pale mlangoni, viatu, simu, uongo, amina. Akaupokea mfuko, akaugeuza, akausoma mwandiko wake mwenyewe.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Mama aliniambia wiki ile ile. Nilimpigia kuuliza kama inamtosha, akasema hajaona mtu."

"Rhoda, mbona hukuniuliza?"

"Nilikuuliza. Siku ya mazishi, mbele ya watu wote. Nikangoja." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mama alisema nikuache. Alisema pengine wewe unasikia baridi kuliko yeye."

Nililia, nakuambia ukweli, nililia kama mtoto, na Rhoda hakunikumbatia. Alikuwa na haki. Nilipopata sauti nikamweleza na hayo mengine, chai, begi, mablanketi. Hakucheka. Aliuliza jambo moja tu, mama yuko wapi sasa. Nikaonyesha gari. Akatoka na kandambili zake, akafungua mlango wa abiria, akasimama kwenye jua akiongea Kikuyu na kiti kitupu muda mrefu sana, huku jirani na mbwa wake wakimtazama.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akafungua begi langu, akaiweka sweta ndani mwenyewe.

"Anataka kuona hilo ziwa," akasema. "Peleka. Ukifika nitumie picha, maana neno lako mimi siliamini tena."

Uwanja wa ndege begi likawekwa kwenye mizani. Kilo saba kamili, na sweta ikiwa humo ndani.

Lucerne nilifika. Jumapili nilienda kanisani. Ni nani angethubutu kukataa? Mlimani sikupanda. Niliikunjua ile sweta nikaiweka juu ya benchi kando ya ziwa, nikapiga picha, nikamtumia Rhoda. Nilipoinua macho kutoka kwenye simu, benchi lilikuwa tupu. Hapakuwa na upepo, wala mtu karibu.

Simu ikalia. Rhoda alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Mwambie acheke, bwana! Huyu mama hajawahi kucheka kwenye picha!"

Nikaitazama ile picha. Benchi na sweta, na maji nyuma yake. Nimeikuza, nimevaa miwani, nimeitazama mchana na usiku. Benchi na sweta. Rhoda ameichapisha ameitundika sebuleni, na wageni wakiingia wanasema jinsi anavyofanana na mama yake. Ni mimi peke yangu nisiyemwona.

Siku hizi ninabeba mizigo ya Dallas nzima, vitamini na viatu, na kila nikifikisha namtumia Rhoda picha ya mtu na mzigo wake mkononi. Hajawahi kusema ananiamini. Anajibu tu, "Nimeona."

Na wewe unayenisoma, usijifanye hujui kilicho chini kabisa ya kabati lako. Kina jina la mtu juu yake. Kipeleke leo, wakati mwenyewe bado anaweza kukifungulia mlango.