Reni Jike na Jino la Chini

Mwaka ule mama alikwenda Pweto, kwa mama yake, kujifungua. Kwetu mimba ikisumbua, mwanamke anarudi kuzalia pale alipozaliwa. Baba na mimi tukabaki Élisabethville, kwenye kambi ya wafanyakazi wa mgodi, na nyumba ya vyumba viwili ikawa kubwa ghafla.

Mchana nilikuwa kwa masere, watawa waliotufundisha kudarizi na kusoma kidogo. Masere mmoja mzee alituletea picha ya reni, mnyama wa nchi za theluji, tumdarizi kwenye foronya. Mwili kama wa swala mnene, pembe kama matawi yaliyobaki baada ya moto wa kiangazi.

"Huyu ni jike," akasema.

Tukacheka wote. "Masere, jike gani iko na pembe? Ule ni bwana yake!"

Masere naye akacheka, kisha akatueleza. Dume huangusha pembe baridi inapoanza, halafu zinaota nyingine. Jike hubaki na zake theluji yote, akiwa na mimba, ili asisukumwe anapochimba chakula kwa kwato. Akishazaa, ndipo zinaanguka. Manyoya ya baridi ni mazito, yamepauka. Jua likirudi yanang'oka, yanakuja mafupi ya kahawia. Na kila mwaka majike wenye mimba hutangulia safari ndefu mpaka palepale pa kuzalia.

"Halafu wanarudi?" nikauliza.

"Wanarudi, mtoto wangu. Watoto wakipata nguvu ya miguu."

Nilikwenda nyumbani nikiruka-ruka. Nilimwona mama na pembe zake, anapita kando ya mto Luapula, hakuna wa kumsukuma.

Jirani yetu, mama mmoja wa kabila la watani wetu, alinichokoza mlangoni. "Mama yako ameolewa na samaki kule! Tutamutafutia baba yako bibi mupya."

"Uolewe naye weye," nikamjibu, "akukimbie kesho!"

Tulicheka sana. Lakini nilipoanza kusonga bukari, nilisahau kukoroga nikitazama barabara, na baba akala ugali wenye madonge.

Siku moja dereva wa kamyo ya samaki akatuletea habari. "Amezaa mutoto mwanamuke. Bote beko bazima."

"Banakuya lini?" baba akauliza.

"Kambo, mama mukwe yako, anakatala. Mpaka jino la kwanza lionekane. Likitoka chini, banakuya. Likitoka juu..." Akageuka, akajishughulisha na kamba za mzigo.

Sote tulijua. Kwa wazee wetu, jino la juu likitangulia ni balaa, na bibi yangu asingemruhusu mtoto kuletwa kwetu.

Baridi ya Juni ikaja, ikaenda. Nilimdarizi reni jike, nikamwongezea mtoto ubavuni. Masere akasema picha haina mtoto. Nikasema yuko nyuma ya mama yake, haonekani tu. Kila kamyo iliponguruma, baba alisimama barabarani na kofia mkononi. Mimi nilimtamani mtoto nisiyemjua, nikilitamani jino lake hata kabla ya uso wake.

Asubuhi moja dereva yule alichomoza kichwa dirishani, kamyo bado haijasimama, akawa anagonga mdomo wake wa chini kwa kidole huku anacheka.

"Chini, mukubwa! Chini! Beko kwa kamyo ya pili, inanifuata nyuma!"

Baba alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. Kisha akanitazama.

"Nyumba umefagia?"

Nilikuwa nimefagia alfajiri. Nikakimbia kufagia tena.