Nguzo Zisizobeba Kitu

Mwalimu hakunipenda, nami sikumpenda. Alikuwa mjane wa Kihindi, mstaafu wa skuli ya wasichana, akikaa peke yake juu ya nyumba ya Mkunazini ambayo sisi tulipanga chini. Aliniita "mwandishi" kwa sauti ile ile aliyowaitia paka wa uani "wageni".

Lakini ndiye mtu pekee niliyemjua aliyewahi kuingia mapango ya Wabudha kule Bara Hindi, yale yaliyochongwa ndani ya majabali zama za kale. Mimi nilikuwa nimeyaona kwenye picha moja tu, na tangu siku hiyo sikulala vyema. Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri, sisi vijana wapenzi wa fasihi tulikutana katika ukumbi mdogo Ng'ambo kusomeana tulichoandika, na makala iliyopendwa ilichapwa katika jarida letu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na sijachapwa hata mstari mmoja. Kwa hivyo niliandika juu ya mapango yale, nikapanda ngazi, karatasi mkononi.

Alisoma amesimama mlangoni, hakunikaribisha.

"'Walijenga,'" alisema. "Nani kakwambia walijenga?"

"Si nyumba, Mwalimu?"

"Anayejenga huanza chini akapanda. Wale walianza darini wakashuka, tindo na nyundo, mpaka sakafuni. Walichokitoa ni kifusi. Walichokiacha ndiyo nyumba. Futa."

Nikafuta. Nilimchukia zaidi kwa kuwa alisema kweli.

Nilipanda tena na tena, na kila mara nilishuka nimetukanwa. Alinieleza juu ya dirisha kubwa juu ya mlango, umbo lake kama kwato ya farasi, linavyomwaga mwanga mpaka kwenye kuba ya jiwe iliyo mwisho wa ukumbi. Juu ya njia nyembamba nyuma ya safu za nguzo, ambako watu waliizunguka kuba hiyo wakiomba. Juu ya vijumba vya watawa vyenye vitanda vya jiwe na mito ya jiwe. Siku moja aliinua mkongojo akaigonga dari yake. Vumbi likanimwagikia kichwani.

"Hizi boriti za mikoko zikioza, tumekufa mie na wewe. Kule walichonga boriti za jiwe, moja moja, kama mbavu, kwa sababu wazee wao walisali kwenye nyumba za miti. Hazibebi kitu. Na nguzo pia. Nliona moja imekatika, chini hakuna kitu, kipande cha juu kinaning'inia darini kama jino. Na mlima haukuangusha hata kokoto. Andika hilo. Mengine yote ni mapambo yako."

Niliandika: nguzo hizi hazibebi kitu, zikikatika, mlima uko pale pale. Nilijua nimeandika sentensi yangu ya kwanza ya kweli.

Mwenyekiti wetu alikuwa kijana wa rika langu, karani, aliyeanza kuvaa shati la mifuko minne kama wakubwa wa serikali. Alisoma kimya mpaka alipofika hapo, akaweka kidole.

"Nguzo hizi ni akina nani?"

"Ni nguzo."

"Nakuuliza, ni akina nani?"

"Za jiwe, bwana. Ziko Bara Hindi."

"Usinifanye mjinga. Kila siku tunaambiwa fulani nguzo ya nchi, fulani nguzo ya nchi, we unaniletea nguzo hazibebi kitu! Zikikatika hamna neno! Unataka tukalale ndani sote?" Akanitupia kalamu. "Ama zinabeba, ama nenda kasome chooni kwenu."

Niliitazama kalamu ile. Kisha nikaandika kwamba zinaubeba mlima mzima mabegani.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Nilisoma juu ya mwanga na kuba, na watu walitulia kabisa. Sikumtarajia Mwalimu, maana hakuwa mtu wa kuvuka kuja Ng'ambo. Lakini nilipoinua macho nilimwona kwenye benchi la mwisho, amekaa wima na sari yake nyeupe. Ningeweza kuiruka sentensi ile. Mwenyekiti alikuwa ananitazama. Niliisoma.

Mkongojo uligonga sakafu, Mwalimu akasimama.

"Uwongo!"

Vichwa vyote viligeuka.

"Nshakwambia hazibebi! Nimeziona kwa macho yangu! Waambie ulivyoandika mwanzo."

Watu walitazamana, kisha wakawatazama wanaume wawili waliosimama karibu na mlango, ambao hakuna aliyekuwa amewaalika.

"Bibi, kaa kitako," alisema Mwenyekiti.

Mwalimu hakukaa. Alikuwa ananitazama mimi, si kwa hasira, bali kama anavyotazamwa mwanafunzi anayelijua jibu. Neno moja tu lilitakiwa, "naam", basi.

"Mtuwie radhi," nilisema. "Mwalimu ni mtu mzima. Kumbukumbu zinampotea."

Mmoja alicheka, kisha ukumbi mzima ukacheka, kicheko cha watu walionusurika. Mwalimu alibaki amesimama mpaka kikaisha chenyewe, ndipo akatoka. Niliendelea kusoma. Nilipigiwa makofi kuliko mtu yeyote mwaka ule, na makala ikachapwa. Katika nakala zilizobaki, nguzo zile zinabeba mlima hadi leo.

Jumatatu nilikuwa nimekaa barazani na majirani, wakinipongeza, aliporudi kutoka sokoni na kikapu chake. Nikasimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

Akasita. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Mie kumbukumbu zinanipotea," alisema, kwa sauti ya kusikika baraza nzima. "We nani?"