Daftari la Kivuko cha Carrigmoyle

Aikaeli Mmari hajawahi kukanyaga Ireland, lakini ukimwamsha usingizini atakutajia milango ya Carrigmoyle mmoja baada ya mwingine: duka la mikate, mhunzi, kanisa, nyumba ya wajane wawili wasiosalimiana, kisha ngazi za mawe za kushukia mtoni. Mji wenyewe watu hawafiki elfu, na kila mmoja anajua jirani yake amekula nini jana. Kama kwao Machame tupu, anasema Aikaeli.

Mji huo alifundishwa na Fintan Culhane, mzee wa miaka tisini na moja anayeishi Walthamstow, London. Huu ni mwaka wa tatu Aikaeli anamwogesha, anamlisha na kumvisha soksi. Mama huyu wa watoto wawili alihama Moshi akaja Ilford, jirani na hapo, kubeba boksi, kama wenyewe wanavyoziita kazi za ughaibuni, ingawa boksi lake linalalamika na kudai chai.

Februari mzee alimwambia jambo alilolificha zaidi ya miaka sabini. Mwaka 1952, siku ya gulio, boti ya kuvushia watu ilipinduka, wakafa abiria wote watano. Mvushaji alikuwa baba yake. Mji mzima ukasema alikuwa amelewa, naye akakubali. Tangu siku hiyo akikaa kanisani, benchi zima linahama. Kumbe asubuhi ile baba alikuwa kitandani na homa. Aliyeshika kasia ni Fintan, kijana wa miaka kumi na tisa, na mlevi alikuwa yeye. Baba akajitwika lawama, akamsukumia mwanawe London, akafa na aibu isiyo yake. Wahenga walisema mtenda husahau, mtendewa hasahau. Fintan alikuwa mtenda, na hakusahau hata siku moja.

Aikaeli aliandika kila neno kwenye daftari la huduma, maana kazini walimkaririsha: kisichoandikwa hakikufanyika. Mzee akatia sahihi chini, kama kila siku.

Machi kiharusi kikampiga mzee, kikamwachia neno moja tu: hapana. Unataka chai? Hapana, huku anapokea kikombe. Wewe ni Fintan? Hapana.

Ikafika Alhamisi moja ya Mei, saa nne asubuhi. Kwenye kompyuta mezani alionekana Bi Nuala Heffernan, katibu wa kamati ya historia ya Carrigmoyle. Kitabu cha mji kilikuwa kinakwenda kuchapwa kesho yake, naye alitaka ruhusa ya kuweka picha ya mvushaji.

"Chini yake tumeandika tu, mvushaji aliyelewa," alisema kwa upole. Upole wa namna hiyo unaudhi kuliko tusi.

"Hapana!" Mzee alipiga meza kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu. "Hapana! Hapana!"

Aikaeli alijua anachokitaka. Alijua pia alichoambiwa jana yake na Generosa, mwenzake wa kazi, alipomdokezea habari ya simu hii: "Dada Aika, usithubutu. Ukionyesha logbook kwa mtu wa nje, ofisi wanakufukuza. Na visa si wao wameishika? Utajikuta airport na watoto wako."

Akaanza kwa mdomo. "Bi Nuala, baba yake hakuwa amelewa. Hakuwepo mtoni kabisa. Mzee mwenyewe aliniambia."

"Samahani, wewe ni nani?"

"Mhudumu wake."

Bi Nuala akakaza uso. "Bibi yangu alikufa kwenye boti ile. Siwezi kugeuza historia ya mji kwa neno la mhudumu. Mista Culhane, baba yako alikuwa amelewa?"

"Hapana."

"Kama si yeye, ni wewe uliyeshika kasia?"

"Hapana," alisema mzee, na machozi yakamtoka kwa hasira, maana neno lake limemsaliti.

"Basi," alisema Bi Nuala. "Tutaacha ilivyo."

Daftari lilikuwa juu ya friji. Tusidanganyane, Aikaeli aliogopa. Aliwaona wanawe wawili wakifungasha mabegi. Hata hivyo alilichukua, akafungua ukurasa wa Februari, akauweka mapajani mwa mzee.

"Maneno ni yako, mzee. Ukitaka yabaki hapa, yatabaki."

Mzee aliliinua kwa mkono wa kushoto, akaligeuza kuelekea kamera. Lilitetemeka hata maandishi hayasomeki. Bi Nuala alikuwa ameshanyoosha kidole kukata simu. Hapo Aikaeli akaweka mkono wake chini ya mkono wa mzee, daftari likatulia.

Bi Nuala alisoma kimoyomoyo, midomo ikichezacheza, mpaka akafika kwenye sahihi. Akarudia kusoma tangu mwanzo.

"Mama alitufundisha tusimsalimu yule mvushaji," alisema mwishowe. "Nilikuwa mdogo. Alikuwa ananisalimia, nami nageuza uso." Akajifuta macho kwa kiganja. "Kitabu kitasubiri."

Simu ilipokatika, muda wa zamu ulikuwa umebaki dakika tano. Aikaeli akaketi na daftari lile lile. Angeweza kuandika: amekunywa chai, ametulia. Kila Ijumaa ofisi husoma yote.

Akaandika: "Saa nne na nusu. Mista Culhane ameonyesha daftari kwa mtu wa nje. Nimemshikia mimi." Akatia jina lake kamili, kisha akampa mzee kalamu.