Nilichagua telescope ndefu ya kuonekana na watu, binoviewer ikaniumbua mbele ya Baba

Wakuu, salamu kutoka Voi.

Nimeona vijana humu wakiuliza ni telescope gani ya bei nafuu inafaa kutumiwa na binoviewer. Mimi nilikosea kuichagua wengi wenu hamjazaliwa. Nitasema kama ilivyokuwa, hata pale panaponiaibisha.

Kwa asiyejua, binoviewer huchomekwa nyuma ya telescope ili uangalie kwa macho yote mawili.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa karani hapa mjini. Mwalimu mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao aliniachia binoviewer yake. Telescope akaenda nayo.

Nikamfikiria Baba kule Werugha, milimani. Macho yake yalikuwa yanafifia. Jicho moja peke yake halikumsaidia kitu, lakini kwa yote mawili bado alisoma Biblia, polepole. Alitamani kuuona mwezi kwa karibu kabla hayajazima. Nikamwahidi.

Nikashuka Mombasa kwa mzee aliyeuza kamera na darubini second-hand. Nikamweleza habari ya binoviewer. Alikuwa na mbili ambazo mfuko wangu ungeziweza. Moja fupi, ya lenzi, rangi imebambuka. Nyingine ya kioo, ndefu, nyeupe, inang'aa.

"Mwanangu, chukua hii fupi," akaniambia. "Kipande hiki cha nyuma chafunguka, kifaa chako kitapata nafasi. Umekuja nacho tujaribu?"

Nilikuwa nimekiacha nyumbani.

Nikachukua ndefu. Wakuu, kule milimani ukishuka kwenye basi na mzigo, kijiji kizima kinaupima kwa macho kabla hujafika kwenu. Nilitaka wapime kitu kirefu.

Voi niliijaribu kwa jicho moja. Mwezi safi kabisa! Binoviewer hata sikuichomeka. Nilidhani kinachofaa jicho moja kitafaa mawili.

Jumapili nikapanda nayo Werugha. Majirani wakaja baada ya ibada, wakangoja hadi jioni. Ukungu ulikuwa umetupisha, nusu mwezi uko juu na jua bado halijazama.

"Karani, umetuletea bomba la maji?" akauliza Mama Wakesho, jirani yetu. "Basi lifunge kwangu, mtoni ni mbali!"

Watu wakacheka. Nikachomeka binoviewer, nikaangalia.

Uji mweupe uliomwagika.

Nikazungusha focus, ile sehemu ya kusafishia picha, kuelekea ndani mpaka ikagota. Bado uji. Kumbe binoviewer inataka focus iingie ndani zaidi, na ile ndefu haikuwa na nafasi hiyo.

Baba akainama kuangalia. Akasogeza kichwa huku na huku.

"Baba, fungua macho vizuri!" nikafoka, mbele ya watu wote. Na nilijua kabisa tatizo si macho yake.

Akaendelea kuangalia, kisha akawageukia majirani. "Naona. Una mashimo, una milima kama huku kwetu. Kijana amefanya kazi. Sasa twendeni tukanywe chai, baridi imeanza."

Akawasukuma wote ndani. Hakuna mwingine aliyeangalia.

Wiki iliyofuata nilirudi Mombasa, safari hii na binoviewer mkononi. Yule mzee alicheka mpaka kofia ikamdondoka, akanibadilishia na ile fupi. Tukafungua kile kipande cha nyuma, mnara wa mbali ukaja wazi kwa macho yote mawili.

Nusu mwezi uliofuata tulikuwa wawili tu uani, mimi na Baba. Akainama.

"Kumbe mashimo yapo kweli," akasema.

"Baba, siku ile nilikukosea."

"Na mimi nilidanganya watu, tena Jumapili. Nenda kamwite Mama Wakesho aje aone, nisife mwongo."

Mama Wakesho alikuja na unga mikononi. Aliangalia mara tatu, na bomba la maji hakulitaja tena.

Baba aliona mwaka mmoja na kitu baada ya hapo, kisha basi. Nashukuru aliuona. Ile sauti niliyompazia bado naisikia.

Kwa hiyo vijana, nendeni dukani na binoviewer yenu, muichomeke pale pale, muone kama focus inafika. Urefu wa bomba waachieni majirani. Na picha ikikataa, msimfokee anayeangalia.

Nani mwingine humu amewahi kununua kitu ili kijiji kione? Semeni, nisibaki na aibu hii peke yangu.